Zabibu za Kupigwa Picha

Agosti 27

Leo nimetembezwa kama malkia! Neofitos hakuwa na wageni, akafungua mlango wa mbele wa vani, akainama na kusema, "Mheshimiwa mke wangu, panda." Nikapanda. Wiki mbili za ndoa bado hazijatimia, na kila akinitazama nasahau nilichokuwa nasema.

Tumepita barabara yote anayowapitisha wageni wake: kutoka kwao Vrisudi, kupanda mlima, kushuka kwenye daraja la mawe, vijiji vitatu, mpaka kwetu Kalamuli, na kurudi. Barabara hii nimeipita tangu utoto nyuma ya pikapu ya baba, nimekalia makapu, vumbi mdomoni. Sikuwahi kujua kwamba ni nzuri. Leo nimeiona kwa macho yake. Mizabibu imepanda vilima ngazi kwa ngazi juu ya kuta za mawe, vikongwe wamekaa vibarazani wanavunja lozi, na kila kijiji kilitupigia kelele. "Neofitos, punguza mwendo, utamharibu bibi harusi nywele!" "Lukia, hujamchoka tu?" Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Kwenye kona ya Genge Jekundu akasimamisha gari. Hapo ndipo lilipo shamba la mizabibu alilonipa baba siku ya harusi. Zabibu zimeanza kung'aa kama zimepakwa asali. Chini yake ni bonde lote, na mbali kabisa bahari. Neofitos akanishika kiuno, akasema, "Hii ndiyo kona nzuri kuliko zote njiani. Na sasa ni yetu."

Amesema yetu! Nimeandika ili nisisahau alivyolitamka.

Agosti 30

Joto. Nimepika wali wa kufunga kwenye majani ya mzabibu. Amemaliza wote, akalamba vidole vyake, kisha vyangu.

Septemba 5

Leo nimekwenda naye akiwa na wageni. Nilikaa mbele, nimevaa gauni la njano analolipenda. Akawageukia, akawaambia kwa Kiingereza, "Huyu ni mke wangu, bibi harusi mpya." Wakapiga makofi! Mama mmoja akanipa chokoleti.

Kwenye Genge Jekundu aliwateremsha, akanipa mkasi, akaniomba nikate kichala kimoja nimpe yule mama. Nikakata. Zilikuwa bado chachu kidogo, lakini yule mama alifumba macho kana kwamba anakula mbingu. Wakapiga picha nyingi. Njiani kurudi Neofitos aliniminya mkono, akanong'ona, "Umeona? Wewe na zabibu zako mmewaua."

Septemba 8

Nimekwenda kumsalimia baba. Tangu mama afariki tulikuwa wawili tu kwenye nyumba ile, na sasa yuko peke yake na redio.

Alinichukua chini kwenye chumba cha divai, akafunua mtungi. Ni mkubwa kunipita, nusu yake imezikwa ardhini, na divai tamu iliyomo haijawahi kwisha tangu enzi za babu yake. Kila mwaka tunachota kidogo, tunajaza kwa divai mpya ya Genge Jekundu, iliyokamuliwa kutoka zabibu zilizoanikwa juani. Ile ya zamani inaifundisha mpya, ndivyo baba anavyosema. Lakini mwaka huu hatukuchota kidogo. Kijiji kizima kilikunywa kwenye harusi yangu, na bestimani wa Neofitos alikunywa ya kijiji kingine kizima. Mtungi umebaki nusu.

"Hewa ikikaa humu mpaka baridi iingie," baba alisema, "inageuka siki. Yote. Na ya babu pia."

"Tutaujaza, baba."

"Mtaujaza. Shamba ni lenu. Mimi nangoja kapu."

Alikuwa anatabasamu. Kwetu baba akishampa binti shamba hakanyagi tena humo mpaka mkwe aje mlangoni na kapu tupu, amwombe aje akate kichala cha kwanza. Baba huanza kuvuna kesho yake ya Sikukuu ya Msalaba, na kila mtu anajua. Neofitos naye anajua, kwao ni hivyo hivyo. Nimekwisha kuwaza shati atakalovaa.

Septemba 14

Sikukuu ya Msalaba. Kanisa lote lilinuka mrehani. Baba alinipa kitawi chake, hakuuliza kitu. Aliyeuliza ni dada yake, shangazi Rodu, ambaye ulimi wake ungetosha kupogolea mizabibu.

"Mmeshanunua kapu, au mtamletea kaka yangu mfuko wa nailoni?"

"Shangazi, jamani!"

"Nauliza tu. Siku hizi watu wanaletewa hata posa kwa simu."

Nyumbani nilimwambia Neofitos. Alikuwa anakula tikiti.

"Kesho nina Wajerumani, mpenzi."

"Keshokutwa basi."

"Keshokutwa Waswidi." Akacheka, akafuta mdomo, akanivuta nikae. "Sikiliza. Barabara nzima wanavuna wiki hii. Wiki ijayo itakuwa majani na vijiti. Nani atatoka kwao mbali hivyo aje atazame vijiti? Sisi peke yetu tutakuwa na zabibu, tena kwenye kona ile! Na zikikaa zinazidi utamu, muulize baba yako."

"Mpaka lini?"

"Bado kidogo tu. Wiki moja."

Ana mikono mizuri sana akieleza jambo. Nimekubali.

Septemba 15

Shangazi Rodu amenipigia simu. Anasema baba aliamka kabla ya jua, akanyoa ndevu, akavaa shati la kazi lililopigwa pasi, akatoa kiti nje ya mlango, akaketi, mkasi mfukoni. Majirani walimpita na punda na mapikapu wakaenda mashambani mwao. "Kiprianos, leo huvuni?" "Nangoja mtu." Alikaa mpaka kengele ya mchana. Kisha akaingia ndani akakaanga mayai.

Mimi muda huo nilikuwa Genge Jekundu, nimefunga kitambaa cha bibi yangu kichwani, namfundisha Mjerumani kushika mkasi.

Septemba 19

"Bado kidogo, baba," nimemwambia kwenye simu. "Zinazidi utamu."

"Nimelima zabibu tangu hujazaliwa, Lukia. Najua zinavyokuwa."

Septemba 24

Wiki imepita. Nimemkumbusha Neofitos, akasema Wafaransa wanakuja, wanapenda sana mizabibu, ni aibu kuwaonyesha mashina. Akanibusu shingoni. Nimechukia kidogo kwamba busu lilifanya kazi.

Nilimweleza mama mkwe, mama Elefteria, tukiwa tunachemsha juisi ya zabibu kwa ajili ya uji wake. Nilidhani atamkemea mwanawe. Aliendelea kukoroga.

"Mimi nilikuja hapa na shamba la mizeituni," akasema. "Unakifahamu kile kituo cha mafuta hapo njia panda?"

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo yenyewe hiyo mizeituni."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema nini? Nilikuwa bibi harusi. Nilikuwa nacheka." Akanipa mwiko. "Koroga, inashika chini."

Septemba 28

Nyigu. Wamejaa Genge Jekundu mpaka shamba zima linavuma. Mgeni mmoja ameumwa sikioni. Neofitos anasema niwe nakuja na siki na pamba.

Oktoba 1

Sijui niandikeje hili.

Vichala vya karibu na barabara vimekwisha. Wageni wamekata, nyigu wamekula, vingine vimenyauka. Vya juu, kwenye ngazi za ndani, bado ni vizima na vitamu mno, lakini wageni hawapendi kupanda kuta na viatu vyao. Leo asubuhi, kabla ya kwenda kuwachukua hotelini, Neofitos alisimamisha vani kwenye kona, akatoa sanduku la zabibu za sokoni. Nyekundu, kubwa, za kula mezani. Akatoa na waya.

"Unafanya nini?"

"Napamba."

"Neofitos, mizabibu hii inazaa zabibu nyeupe."

"Mpenzi, hao wanatoka kwenye theluji. Wanajua nini?"

Alizifunga kichala kimoja kimoja, anapiga mluzi, anarudi nyuma hatua chache kutazama kama mtu anayetundika picha ukutani. Halafu akanipa koleo nimshikie. Nikashika. Saa nne mama mmoja mwenye kofia kubwa aliikata ile nyekundu kutoka kwenye mti wa nyeupe, akaionja, akasema hajawahi kuonja kitu halisi namna hii maishani mwake. Neofitos alinikonyeza.

Nilicheka. Kweli nilicheka, maana uso wake ulikuwa unachekesha. Sasa nimekaa jikoni na ninatamani ningeuma ulimi.

Oktoba 4

Baba ameona. Alikuwa kwenye pikapu ya jirani wanatoka mjini kununua dawa ya kuku. Jirani alipunguza mwendo kwenye kona, akasema, "Kiprianos, mizabibu yako imeolewa na nani?" Shangazi Rodu ndiye aliyenisimulia. Anasema baba alitazama mbele, akasema, "Si yangu. Endesha."

Oktoba 8

Leo nimechukua kapu mwenyewe.

Neofitos alikuwa mjini na vani. Nilipanda basi la wanafunzi, kapu mapajani, watoto wananicheka: "Dada, unakwenda kuvuna nini, mwezi wa kumi?" Wana haki. Barabara nzima ni tupu. Mashamba yote yamevunwa, zabibu zimeshaanikwa na kuanuliwa, zimekamuliwa, vijiji vinanuka divai changa. Ni Genge Jekundu tu linaloning'inia pale kwenye kona kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Baba alinikuta mlangoni na kapu. Niliona uso wake ukiwaka, kisha akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Yuko wapi?"

"Ana kazi. Nimekuja mimi. Baba, shamba ni langu, wewe ndiye uliyenipa. Nakuomba uje ukate kichala cha kwanza."

Akachukua kapu, akaligeuza, akanirudishia.

"Binti hamwaliki baba yake. Binti yuko kwao. Anayekuja na kapu ni mgeni anayeomba kuwa mtoto."

"Na mtungi? Wewe mwenyewe umesema siki!"

"Najua nilichosema."

"Basi nunua divai kwa jirani ujaze, yaishe!"

"Nitie maji ya nani kwenye divai ya babu yangu?"

"Mvua ikija, baba? Zinahitaji jua la wiki nzima zikiwa zimeanikwa. Jua lenyewe limebaki hili!"

"Mwambie mumeo, si mimi. Mimi nimekaa kwenye kiti changu tangu Msalaba."

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia baba kelele. Nilimwambia kwamba yeye na Neofitos ni kitu kimoja: mmoja anangoja watu wamtazame, mwingine anangoja watu wamwombe, na mimi ndiye ninayekwenda na kurudi kwenye ile barabara. Alinifungia mkate na jibini ya halumi kwenye kitambaa kwa ajili ya njiani. Nimerudi na kapu tupu kama nilivyokwenda.

Kabla sijaondoka alifunua mtungi, akanionjesha kwa kijiko. Bado ni tamu. Lakini pale mwishoni, kwenye koo, kuna kitu kinachochoma.

Oktoba 9

Nimenuna siku nzima. Mama mkwe amesema kununa kunakunja uso.

Oktoba 13

Nimefurahi! Neofitos aliniona ninalia bustanini, akapiga magoti kwenye tope la mnyunyizo na suruali yake safi, akasema, "Nimekuwa mjinga. Jumapili. Kundi la mwisho kubwa linaondoka Jumamosi. Jumapili asubuhi nitavaa shati la harusi, nitabeba kapu mwenyewe, nitamwangukia baba yako miguuni. Umeridhika?" Nikamwambia asiape. Akaapa.

Redio inasema jua litaendelea. Nimepiga pasi lile shati. Ndiye mwanamume niliyempenda, huyu huyu, alikuwepo muda wote, alichelewa tu.

Oktoba 16

Ametia kapu jipya kwenye vani. Lina utepe. Nimesema utepe hauhitajiki, akasema unapendeza.

Oktoba 18, Jumapili

Mvua ilianza tukiwa tunakunywa kahawa ya asubuhi. Siyo manyunyu. Ilianguka kama mtu amemwaga gunia la kokoto juu ya bati.

Neofitos alikuwa amevaa shati. Simu yake ikalia. Akaitazama, akaniangalia, akaenda kupokea barazani. Aliporudi alikuwa anachukua funguo.

"Lile kundi halikuondoka. Ndege imeahirishwa mpaka jioni, wamekwama hotelini, wananuna. Nitawazungusha saa mbili tu. Kwa baba yako tutakwenda mchana."

"Neofitos, mvua."

"Mvua ndiyo, mpenzi, unataka niizuie?"

Akaondoka. Na kapu lenye utepe likaondoka ndani ya vani.

Nilichukua makapu mawili ya mama mkwe ya kufulia. Alinitazama, akavua koti lake la mvua akanirushia. Nikasimamisha lori la maziwa, likaniacha kwenye kona.

Nani asiyejua zabibu iliyoiva mno ikipigwa na mvua inafanyaje? Inakunywa, inavimba, inapasuka. Nilianza ngazi ya juu kabisa, kule ambako wageni hawajafika. Kila kichala nilichokishika kilikuwa kinatiririka mikononi, sukari na maji, nyigu waliolowa wananing'inia humo wamelewa. Nilikata tu. Sikuchagua. Nilijaza kapu, nikalishusha kwa makalio kwenye kuta zinazoteleza, nikalimwaga juu ya turubai chini ya mti wa mcharuba, nikapanda tena. Nilijikata kidole. Niliongea peke yangu, nilimtukana Neofitos kwa maneno ambayo sikujua kwamba ninayajua.

Nilipoinua kichwa, baba alikuwa barabarani.

Sijui alitembea kwa muda gani kutoka Kalamuli. Hakuwa na koti. Alisimama upande wa pili wa ukuta mdogo wa mpaka, ukuta usiofika magotini, maji yanashuka kutoka kwenye kofia yake, mkasi mkononi.

"Baba! Njoo!"

Hakuja.

"Baba, nakuomba! Ruka ukuta!"

Aliinua mguu. Niliona. Aliinua mguu, kiatu kikagusa jiwe, kisha akaurudisha chini.

Hapo ndipo vani ikatokea. Ilipunguza mwendo kwenye kona kama kawaida. Mlango ukafunguliwa, wakateremka na makoti yao ya nailoni ya rangi rangi, wanacheka, wanashikana wasiteleze. Neofitos akanyoosha mkono kunielekea, akisema kwa Kiingereza kwamba huu ni uvunaji wa kale, kwamba wanawake wetu hawaogopi mvua, na kwamba yule mzee pale ni mkulima wa kijiji. Baba yangu! Mkulima wa kijiji! Wakampiga picha. Wakanipiga mimi. Mmoja alianza kupiga makofi na wengine wakafuata, na makofi kwenye mvua yana sauti ya ajabu, kama kuku wanaopigapiga mabawa.

Neofitos akasogea karibu na ukuta, akaniambia kwa lugha yetu, kwa upole kabisa, "Tabasamu kidogo, mpenzi. Dakika moja tu, wanaondoka."

Na mimi, Mungu wangu, uso wangu ulitabasamu. Uso umezoea.

Baba alitia mkasi mfukoni, akageuka, akaanza kushuka barabara. Neofitos alimwita, "Baba mkwe, ngoja, nitakupa lifti!" Hakugeuka.

Oktoba 19

Mvua.

Oktoba 20

Mvua.

Oktoba 23

Jua dhaifu. Nimeanika zile nilizookoa kwenye paa la mama mkwe. Yeye ananisaidia kuzigeuza. Anatoa zilizooza, anazitupa chini kwa kuku. Neofitos ameleta sehemu ya kundi jipya kuja kuona paa.

Oktoba 29

Ukungu wa kijivu, kama manyoya ya panya, juu ya zabibu zote. Nimefagia paa. Kuku wameshiba.

Neofitos anasema mwakani tutavuna mapema, ameshaelewa, kosa ni la hali ya hewa. Anasema nina hasira kubwa kwa kitu ambacho ni kinywaji tu. Kisha ananiuliza kama bado nampenda, na mbaya zaidi ni kwamba anauliza kwa dhati, kwa macho ya mvulana, anangoja jibu.

Novemba 7

Baba amefungua mtungi.

Shangazi Rodu alipita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi: kila mtu aje na jagi lake. Nilifika nikakuta ua umejaa. Baba alikuwa chini kwenye chumba cha divai, anachota kwa bakuli la mti, anapandisha, anamimina, anashuka tena. Ilikuwa bado inanyweka. Imeshaanza kuwa chachu, lakini chini ya uchachu utamu wa wazee ulikuwepo bado, unaagana na watu.

"Afadhali inyweke ikiwa divai," aliniambia, "kuliko nikae nayo mpaka iwe siki ya kachumbari."

Hakuna aliyeimba. Wazee walikunywa wamesimama. Mmoja alisema, "Hii nilikunywa nikibatizwa." Mwingine akasema, "Wewe ulibatizwa kwa pombe kali ya zivania, ndiyo maana uko hivyo," na watu wakacheka kidogo. Shangazi Rodu alikuwa anafuta macho na aproni huku akimtukana kila aliyejaza jagi kubwa mno. Baba alinipa glasi yangu mwenyewe. Nilikunywa yote. Niliposhuka kutazama, niliona kitako cha mtungi kwa ndani, udongo mwekundu uliolowa. Nadhani hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuuona.

Ndipo nikasikia honi. Neofitos alikuwa anapita na wageni, kaona umati, kasimama. Wakaingia uani, wazee kwa vijana, simu juu. Watu wetu ni watu wetu: wakawapa glasi. Neofitos alikuwa anang'aa. Aliniona, akanikumbatia mbele ya wote, akaenda moja kwa moja kwa baba aliyekuwa anapanda ngazi na bakuli la mwisho.

"Baba mkwe! Kitu kizuri kama hiki na hamniambii? Tazama walivyofurahi! Tunaweza kukifanya kila Jumamosi?"

Shangazi Rodu aliacha kufuta macho. Baba alimtazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hana hasira naye. Alikuwa anamtazama kama mtu anavyotazama barabara aliyoikosea tangu zamani.

"Kila Jumamosi hapana, mwanangu," akasema. "Ni ya mara moja." Akammiminia.

Neofitos akanywa, akakunja uso. "Imechacha kidogo, sivyo?"

Aliniambia nipande vani, tumalizie mzunguko pamoja. Nikapanda, sijui kwa nini, miguu ina mazoea yake. Tulipotoka kijijini, mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alimuuliza ile ilikuwa sherehe gani. Neofitos akamjibu kwamba ni sherehe ya kijadi ya kuwabariki maharusi wapya, kwamba baba wa bibi harusi anagawa divai kwa furaha. Wote wakasema aaa.

Sikuwahi kusema nao zaidi ya karibuni na asanteni. Leo niligeuka, nikasema kwa Kiingereza changu cha sekondari, taratibu ili nisikosee: "Yalikuwa mazishi."

Yule mama akashusha simu. "Pole sana. Nani amefariki?"

Neofitos akacheka kwa sauti. "Mke wangu anapenda utani!"

"Simamisha gari," nikamwambia kwa lugha yetu.

"Lukia, tafadhali, siyo mbele ya wageni."

"Simamisha, au nafungua mlango hivi hivi."

Akasimamisha. Nikateremka. Alidhani ninataka hewa, akangoja kidogo, akatazama saa, akaondoka. Wale wageni walinipungia mikono kutoka dirisha la nyuma, watu wema, hawana kosa lolote. Nami nikawapungia. Kisha nikatembea kurudi Kalamuli.

Baba alikuwa anafagia ua. "Umesahau kitu?"

"Hapana."

"Umekuja kukaa, au kusalimia?"

"Sijui, baba."

"Basi shika ufagio wa pili."

Novemba 8

Amekuja asubuhi. Nilisikia vani kabla sijaiona, na moyo wangu ukaruka kama siku ya kwanza. Sitadanganya kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Alisimama mlangoni, amechana nywele, macho mekundu. Nadhani hakulala. "Jana uliniaibisha," akasema, "lakini yamepita. Nyumba haina maana bila wewe. Twende."

"Ingia kwanza, Neofitos. Kaa. Baba amebandika kahawa. Tuzungumze sote watatu."

Baba alikuwa kwenye jiko, ametupa mgongo. Hakugeuka, lakini niliona mkono wake unatoa vikombe, cha kwanza, cha pili, na baada ya muda kidogo, cha tatu. Sasa ninaelewa hicho cha tatu kilimgharimu nini.

Neofitos alitazama vikombe. Naapa alitaka kuingia. Mguu mmoja ulikuwa tayari umevuka kizingiti. Kisha akatazama nyuma, kwenye vani, na mimi nikatazama alikotazama. Nyuso sita zilikuwa zimebandikwa kwenye vioo, zinatutazama, zinatabasamu. Alikuwa amekuja kunibembeleza na wageni garini.

"Jioni," akasema. "Nitakuja jioni tunywe vizuri, kwa utulivu. Hawa wana ndege mchana."

"Sasa, Neofitos."

"Lukia, wageni hawangoji!"

Alisema kwa uchungu wa kweli, kama mtu anayenieleza sheria ambayo hakuitunga yeye. Akanitumia busu kwa vidole, akakimbia garini.

Baba akamimina vikombe viwili. Cha tatu alikifuta kwa kitambaa, ingawa kilikuwa kisafi, akakirudisha kabatini.

"Kunywa," akasema, "kabla haijapoa."